Deni la Breki

Ulikuja na mnyororo, Bisimwa, usiku wa manane pale Mudaka,
taa ya rangi ya machungwa ikizunguka juu ya lori lako,
na ubavuni maandishi: TUNAOKOA BARABARANI.
Mvua haikuwa na adabu.
Nyuma nilikuwa na magunia sita ya unga wa muhogo,
na breki zikilia kama mbuzi aliyefungwa vibaya.
Nilikuita mwokozi. Nakumbuka. Nilisema kwa sauti.

Asubuhi ukaniambia: pedi mpya, mafuta mapya, dola themanini na tano.
Nikahesabu. Ukanipa karatasi yenye muhuri,
wino bado mbichi, ukanichafua kidole gumba,
na hata hilo nikaliona dalili njema.

Siku ya tatu, nikiteremka kutoka Kadutu,
nilikanyaga, mguu ukaenda hadi sakafuni
kama wa mtu anayeshuka ngazi ambayo haipo.

Sitakusimulia yote. Bukavu unaijua:
mji huu haukujengwa, umening'inizwa,
na kila njia inaishia ziwani kama hujui kusimama.
Nilipiga honi. Nilitaja majina ya wanangu, yote, hata la aliyekufa.
Nikachagua rundo la mchanga wa mtu anayejenga.
Kati yangu na mchanga palikuwa na meza ya Nsimire,
na juu ya meza, nyanya.

Nsimire alikuwa ameinuka kwenda kuomba chenji.
Liandike hilo mahali, Bisimwa:
alikuwa ameinuka kwenda kuomba chenji.

Fundi wa mtaani akafungua gurudumu. Hakusema kitu.
Akanishikisha pedi. Ya zamani, ile ile,
imepigwa msasa, ikapakwa rangi nyeusi
kama maiti aliyevalishwa suti ya kuazima.

Nikaja. Kijana wako akasema bosi yuko Uvira.
Niliona viatu vyako vimechomoza chini ya gari.
Nikaja tena. Ukasema hili gari lilitoka Japani likiwa gonjwa.
Ukasema karatasi haina neno dhamana.
Nikaisoma upya. Kweli, halimo.
Lipo neno asante.

Polisi waliomba pesa ya kalamu. Nilikuwa na kalamu.
Wakaomba ya karatasi.

Basi tukafika kwa shefu wa kartie:
benchi moja, mimi ncha hii, wewe ncha ile,
pedi katikati yetu juu ya leso yangu.
Nikadai themanini na tano zangu.
Nikadai beseni la nyanya, maana nimeshalilipa.
La tatu nilishindwa kulipa bei:
goti langu la kulia, ambalo usiku, kitandani,
bado linakanyaga.

Shefu alicheka kidogo hapo. Wewe hukucheka.
Ukatazama sakafu, mahali pale pale ambapo mguu wangu ulifika,
nikajua nawe umewahi kukanyaga hewa.

Ukatoa arobaini. Noti mbili, umezikunja ndogo ndogo.
Zilizobaki mwisho wa mwezi, ulisema,
bila kutaja mwezi.

Nikashuka hadi Nyawera kwa mbadili fedha.
Ya kwanza ikapita. Ya pili akainyoosha, akaiinua kwenye jua:
mpasuko mfupi kama ukucha,
umezibwa kwa gundi, kwa ustadi, karibu kwa upendo.
"Hii haitembei, mama," akasema.

Nilicheka hadi wauza vocha wakageuka.
Haitembei!
Ewe Bisimwa, mkono wako haubadiliki:
gari langu rangi, pesa yangu gundi.

Nimeifunga ndani ya leso, pamoja na pedi.
Napanda kuja kwako sasa hivi, kwa miguu,
taratibu, nikipumzika kila kona,
na mtu anayepanda hahitaji breki.
Safari hii usiende Uvira.
Viatu vyako navijua.